Plotini

Mama yangu ni Msukuma, na ulimi wake haujawahi kupatana na herufi r. Karibu kwake ni kalibu, barabara ni balabala, na mimi, binti yake wa kwanza, mwalimu wa baiolojia wa sekondari hapa Mwanza, nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu kumrekebisha. Aliolewa Ukerewe, akafiwa na mume mapema, akatulea watoto wawili kwa muhogo na dagaa mpaka mimi nikasoma ualimu pale Butimba. Na bado nilimsahihisha mbele za watu. "Mama, ni habari. Siyo habali." Yeye anacheka tu. "Haya mwalimu, lakini umenielewa au hujanielewa?" Nimemwelewa, ndiyo. Sasa nilikuwa natafuta nini? Sijui.

Nina mdomo, hilo nalijua. Wanafunzi wangu wanalijua, majirani wanalijua, hata muuza mkaa wa mtaani kwetu akiniona anapima gunia vizuri bila kuambiwa. Mtu pekee aliyeugeuza mdomo wangu kuwa mchezo alikuwa mdogo wangu, fundi wa kupaua nyumba. Akinipigia simu anaanza: "Shikamoo Madam, naomba ruhusa ya kuongea." Nikishaitikia marahaba anaingia kwenye lafudhi ya mama kwa makusudi: "Dada, nimekununulia kalanga za kukaanga, tena nzuli kwelikweli." Nafoka. Anacheka mpaka anapaliwa. Nilimzidi miaka tisa na nilimbeba mgongoni akiwa mchanga, kwa hiyo nilijipa haki ya kumfokea mpaka uzeeni.

Alianguka Jumamosi asubuhi, huko Nyakato. Wenzake waliniambia alikuwa juu ya kenchi, zile mbao za paa, akageuka kuomba msumari, mguu ukakosa mbao. Kungekuwa na udongo laini chini, labda tungekuwa tunamtania mpaka leo. Lakini Mwanza ni mawe, na kichwa ndicho kilichotangulia. Nilipofika hospitali walikuwa wameshampiga picha ya kichwa, na kabla ya adhuhuri wakampasua kutoa damu iliyokuwa imevilia. Mama alifika kesho yake kwa meli ya kwanza kutoka Nansio, kule Ukerewe, na kikapu mkononi, na ndani ya kikapu samaki wakavu aliowafunga kwenye kanga yake. Nilimuuliza samaki wa nini. Akaniambia, "Mgonjwa anaendewaga mikono mitupu?"

Daktari alimruhusu mtu mmoja tu aingie kuzungumza naye, nikaingia mimi. Nani mwingine? Mimi ndiye msomi wa familia. Mama akabaki kwenye benchi nje, kikapu mapajani. Yule daktari alikuwa binti mdogo, macho mekundu kwa uchovu, lakini aliniheshimu, hakunikimbiza. Alisema kichwa kama kile kina majeraha mawili. La kwanza ni la jiwe, limeshatokea, hakuna wa kulirudisha. La pili linakuja polepole kwa siku kadhaa: ubongo unavimba, damu haipiti vizuri, na seli ambazo jiwe halikuzigusa nazo zinaanza kufa.

"Hilo la pili ndilo tunapigana nalo," akasema.

"Mnapigana nalo kwa dawa gani?" Nilimuuliza kwa sauti ya darasani, Mungu anisamehe.

Akasema dawa ya kulizuia lile moja kwa moja hawana. Wanampa hewa, wanalinda presha, wanapunguza uvimbe, wanasubiri. Kisha, nadhani kwa kuwa nilishamwambia nafundisha baiolojia, akaongeza kitu ambacho hakuwa na lazima ya kuongeza. "Lakini ubongo wenyewe haujakaa tu, Madam. Una protini zake. Seli ikiumia, yenyewe na zile za jirani zinatengeneza protini za kuilinda isife, nyingine za kuikarabati. Wataalamu wanazichunguza, wanatafuta jinsi ya kuzisaidia. Hawajafika bado. Kazi yetu hapa ni kuzipa nafasi."

Jamani, nilifurahi! Nilitoka pale nimepata kitu cha kushika. Tangu Jumamosi watu walikuwa wananiambia Mungu atatenda, na mimi nasali, sikatai, lakini nilikuwa na njaa ya sababu. Sasa nimeipata. Ndani ya kichwa cha mdogo wangu, chini ya ile bandeji, walinzi wake mwenyewe walikuwa kazini. Nilikaa kwenye benchi kando ya mama nikamweleza haraka haraka, maneno yananitoka yenyewe.

"Dokta anasema ubongo una protini za kuulinda. Protini zikifanya kazi, atapona."

Mama akanigeukia. "Plotini?"

"Protini, mama."

"Sasa hiyo plotini ni ile ya..."

"Pro, mama! Proo! Siyo plo. Umri huu wote bado plo?"

Watu wa benchi la pili waligeuka. Mama akatazama kikapu chake. Niliona midomo yake inajaribu bila sauti, pro, plo, pro. Nikaona nimemfundisha kitu.

Nimelirudia hilo benchi kichwani mwangu mara nyingi kuliko nilivyowahi kurudia somo lolote. Alikuwa anauliza. Darasani kwangu ukutani nimeandika kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa, KUULIZA SI UJINGA. Alitaka kuuliza, hiyo plotini ni ile ya samaki? Miaka ile alipotupeleka kliniki kupimwa uzito, manesi waliwafundisha kina mama kwa picha: mahindi na muhogo upande huu, matunda kule, na hapa samaki, mayai na maharage, hii ndiyo protini, mpe mtoto asinyauke. Mama hakupita shule, lakini picha zile hakuzisahau. Kama ningemwacha amalize sentensi moja tu, ningemwambia hapana mama, hii ni nyingine. Ile ya samaki ikifika tumboni inavunjwavunjwa, haipandi kichwani jinsi ilivyo. Hii ubongo unajitengenezea humohumo. Ni maneno ya dakika moja, na nimeyafundisha kidato cha pili kila mwaka. Nilirekebisha herufi, lakini maana nikaiacha ipite.

Baada ya siku sita wakamtoa mdogo wangu chumba cha uangalizi, wakampeleka wodini. Hakuwa ameamka, ila alikuwa anapumua mwenyewe. Walimlisha kwa mpira mwembamba uliopita puani hadi tumboni, na nesi wa zamu akaniambia kwa kukazia: mdomoni kisiingie kitu, koo lake bado halijui kumeza. Hilo nalo nilimfikishia mama. Nilimwambia, "Asipewe chakula, wanampa wenyewe kwa mpira." Akaitikia vizuri kabisa. "Sitampa chakula, mwanangu." Na hakudanganya. Kwetu mtu anaweza kunywa chai kwa mihogo ya kuchemsha, akamaliza na samaki mzima, ukimuuliza kama amekula chakula akakwambia bado. Chakula ni ugali. Mimi nimezaliwa humo, nalijua hilo tangu sina meno, na halikunijia.

Zile siku mama alikuwa anaamka alfajiri, anakwenda mwaloni, kule wavuvi wanakoshusha samaki, kununua sato mbichi, anarudi nyumbani kwangu anachemsha. Niliona sufuria jikoni. Nilidhani ni ya wageni, maana ndugu walikuwa wanakuja kutoka Magu na Ukerewe, na mgeni hali maneno. Tena nilimsifu. Nikamwambia mama mchuzi wako umekolea leo, nami nikanywa bakuli zima nikaenda shuleni kusimamia mitihani.

Siku ya tisa akafumbua macho.

Nilikuwepo. Muda wa asubuhi wa kuona wagonjwa, wodi imejaa watu na hotpoti zao, kelele za pole na hujambo, na mimi nimemshika mkono nikimsimulia mambo ya mtaani kama kawaida yangu, namsema muuza mkaa. Nikahisi vidole vinabana. Nikatazama, macho haya hapa, yananiangalia. Hayakuelea kama ya mtu aliye mbali. Yalinijua.

"We!" nikamwambia. "We mtu! Umenilaza wiki nzima sina usingizi, shikamoo yangu iko wapi?"

Midomo ikasogea upande mmoja. Nesi alisema ni misuli tu. Nesi hakumjua. Kile kilikuwa kicheko, na laiti angekuwa na sauti angeniambia kitu kuhusu kalanga. Nililia pale mbele ya watu, mimi ninayewaambia wanafunzi wafute machozi wasije wakalowanisha daftari. Mama alipiga magoti kwenye sakafu ya wodi, akimwita mama yake kwa Kisukuma, "Mayo wane! Mayo wane!" wanawake wa vitanda vya jirani wakapiga vigelegele, mpaka nesi akaja kutufukuza. Nilikwenda shule siku ile nikiwa mwepesi. Sikumfokea mtu hadi jioni.

Saa sita mchana mama alirudi peke yake, na chupa ya chai.

Sikujua siku ile. Nilijua siku ya pili yake, nilipomkuta mdogo wangu anawaka homa, kifua kinakoroma, macho yamefungwa tena. Nesi akaniuliza, "Nani kamlisha huyu?" Nikamjibu kwa ukali kwamba sisi si watu wa kijinga, hakuna aliyemlisha. Niliapa kabisa. Nikatoka nje nimekasirika, nikamkuta mama kwenye benchi. Alinisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini, na uso wake, nasema kweli, ulikuwa na furaha.

"Usimwambie nesi. Jana nilimpa ile plotini. Vijiko vitatu. Amemeza, mwanangu! Kaniangalia hivi, kameza."

Nilikaa kwenye benchi.

"Alikohoa kidogo," akaendelea, "nikampiga mgongoni, akatulia. Sikumpa chakula. Mchuzi tu, nimeuchuja kwa kitambaa, hauna hata mwiba. Ulisema ikimtosha atapona."

Niliinuka nikaenda kwa daktari. Hilo angalau nililifanya, nilimweleza yote, na mchuzi, na protini, na benchi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Alisema mchuzi huenda umeingia njia ya hewa, umefika kwenye mapafu, na wameshaanza kumpa dawa ya nimonia. Alisema pia kwamba wagonjwa walioumia vile hupata nimonia hata bila kulishwa na mtu, na hakuna kipimo kitakachomwambia ni ipi kati ya hizo. Sikumuuliza zaidi. Kwa mara ya kwanza niliogopa jibu. Kisha yeye akaniuliza mimi.

"Mama anajua?"

"Hajui."

Akarudisha miwani. "Mimi ndiye niliyetaja protini," akasema. Nikamwambia hapana, daktari, wewe ulitaja vizuri.

Mdogo wangu alikaa siku nne nyingine. Hakufumbua macho tena. Alikata roho asubuhi kweupe, saa ya wodi kusafishwa, wakati mfagiaji anatuomba tuinue miguu. Mama alikuwa amemshika mguu mmoja, mimi mkono. Nilivibana vidole vyake nikisubiri virudishe.

Tulimvusha ziwa kwenda Ukerewe kwa meli ileile iliyomleta mama. Wenzake mafundi walibeba jeneza, na mmoja wao alikuwa ameweka nyundo ya marehemu mfukoni, hakujua ampe nani. Msibani wanawake walimzunguka mama, na kila aliyeingia kumpa pole alisimuliwa jambo lilelile. "Alikula mkononi mwangu. Kabla hajaniacha, mwanangu alikula mkononi mwangu. Vijiko vitatu." Nao wanaitikia, "Una bahati mama, wengine wanaondoka hata maji hawajanywa." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, na mimi nilikuwa pale na kanga mdomoni nikiing'ata. Kila nilipomsikia anasema vijiko vitatu, nilikwenda nyuma ya nyumba. Nilimchukia. Nasema ukweli wangu, kwa siku mbili tatu nilimchukia mama yangu, halafu nikajichukia mimi, na hiyo ya pili haijaisha.

Kurudi shuleni nikakuta ratiba inanisubiri: kidato cha pili, lishe. Msichana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono akaniambia kazi ya protini ni kujenga mwili. Nikamwambia sawa. Akataka kujua kama kuna kazi nyingine. Wiki hizo nilikuwa najibu watu kwa neno moja, lakini yule nilimwacha aulize mpaka akachoka, nikakaa mezani nikamjibu kila swali, kengele ikapiga tukiwa bado. Wenzake walishangaa. Wanasema Madam siku hizi amekuwa mpole. Si upole.

Likizo ilipofika nilivuka kwenda kwa mama. Nilikuwa nimekata shauri nimwambie. Mimi ni mtu wa ukweli, ndivyo nilivyojijua siku zote, na nilikuwa naumwa kwa kukaa na jambo ambalo na yeye lilikuwa lake. Nilimkuta uani kwenye mkeka, anamenya muhogo. Amekonda. Shingo imekuwa ndogo ndani ya kitenge. Nikamwamkia, nikachukua kisu cha pili, nikakaa tukamenya wote. Nikawa natafuta pa kuanzia. Akanitangulia.

"Mwalimu."

"Abee mama."

"Nataka kukuuliza kitu. Usinifokee."

"Sikufokei, mama. Uliza."

Aliweka kisu chini. Akajifuta mikono kwenye kitenge, taratibu, kidole kimoja kimoja. Akakaa wima, kama mtoto aliyeitwa kusoma mbele ya darasa. Niliona midomo yake inajipanga kwanza, ulimi unatafuta mahali.

"Ile pro-ti-ni," akasema.

R ilitoka. Nzito, imesukumwa, lakini ilitoka. Miaka yake yote sikuwahi kuisikia kinywani mwake. Akaniambia anafanyaga mazoezi shambani, akiwa peke yake, asinitie aibu tena mbele za watu. Halafu akauliza.

"Ile niliyompa. Ilifika kwenye ubongo? Au nilichelewa? Maana nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza, iko kwenye kikapu, na mimi nimekaa tu nje. Nawazaga, ningeingia nayo siku ileile, nisiwasikilize, mwanangu angekuwepo."

Kumbe huo ndio mzigo wake. Mimi nimevuka ziwa kumpelekea wangu, na yeye ana wake, anaulalia kila siku, kwamba alimnyima. Machozi yake yalikuwa yanashuka bila kelele, na bado amekaa wima, anasubiri jibu la mwalimu.

"Ilifika, mama," nikamwambia. "Ilifika kwenye ubongo. Hukuchelewa. Aliumia sana tu."

"Ilifika."

"Ilifika."

Aliitikia kwa kichwa, akaokota kisu. Akamenya muhogo mmoja, akautumbukiza kwenye maji, akachukua mwingine. Baadaye kidogo akanitazama kwa pembe ya jicho, na kwa mara ya kwanza tangu msiba niliona kitu kama kicheko usoni mwake, kile cha upande mmoja, ambacho nilikuwa sijajua mdogo wangu alikitoa wapi.

"Na nimetamka vizuli?"

"Vizuli, mama," nikamwambia. "Vizuli kabisa."